Redio, Filamu na Ukimya wa Majirani

Ukishuka kutoka soko la Owino kuingia Kisenyi, katikati ya Kampala, kinachokupokea kwanza ni mngurumo wa vinu vya kusagia mahindi. Wachukuzi waliotapakaa unga hadi kwenye nyusi wanapishana na boda boda, na Kiganda, Kiswahili, Kisomali na Kikaramoja vinasikika katika uchochoro mmoja. Kazi ikiisha, wanaume huingia kwenye vibanda vya video, wakabanana kwenye mabenchi kutazama filamu za kigeni ambazo mfasiri anayeitwa VJ huzisimulia kwa Kiganda, akiongeza chumvi zake. Saa hizo wanawake wengi wako kwenye sigiri, wanapika au wanauza chakula, redio ikisikika pembeni.

Kwa hiyo anayetaka kuzungumza na Kisenyi kuhusu VVU ajue mapema kwamba mume na mke hawasikilizi mahali pamoja.

Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 7.6 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU, na asilimia 4.7 ya wanaume. Maumbile yanachangia tofauti hiyo, lakini si peke yake. Katika wilaya ya Rakai, watafiti waliofuatilia wanawake kwa miaka mingi waliona kuwa waliowahi kutendewa ukatili na wenzi wao walikuwa na hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 55 zaidi ya wengine. Tangazo likimhimiza mwanamke atumie kondomu, ilhali anajua kuwa akiitaja tu atapigwa, limempa maneno asiyoweza kuyatamka nyumbani kwake.

Uganda ilianza kusema mapema. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akazunguka shuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1993 likaanza gazeti la vijana la Straight Talk, lililojibu waziwazi maswali ambayo wazazi waliyakwepa. Mwaka 2001 chama cha wanahabari wanawake kikafungua Mama FM hapo hapo Kampala. Kazi hiyo iliokoa maisha. Hata hivyo, ujumbe mwingi wa zama zile ulimlenga mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu ana uhuru sawa wa kuamua mambo ya chumbani.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, anaishia kupata UKIMWI. Mkewe, Tunu, hakuandikwa ili alie tu: anaanzisha biashara yake na kumwacha. Kwa miaka miwili mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe. Mahali uliposikika, idadi ya wapenzi ilipungua na uzazi wa mpango ukaongezeka.

Jaribio linalogusa zaidi vibanda vya video lilifanyika vijijini Uganda mwaka 2016. Katika vijiji 112 watu walialikwa kutazama sinema bure, na katikati ya sinema zikawekwa filamu fupi. Baadhi ya vijiji viliona filamu kuhusu kupigwa kwa wanawake na madhara ya majirani kunyamaza. Miezi kadhaa baadaye, wanawake wa vijiji hivyo walikuwa tayari zaidi kutoa taarifa, na wachache zaidi walisema kumetokea ukatili nyumbani kwao. Ajabu ni kwamba mitazamo haikubadilika sana. Kilichobadilika ni hofu ya kuitwa wambea. Filamu iliwapunguzia hofu hiyo, pengine kwa kuwa kila mmoja alijua kuwa jirani yake naye ameiona. Bango la barabarani, ambalo mtu hulipita akiwa peke yake, haliwezi kufanya hivyo kirahisi.

Jirani na Kisenyi, katika tarafa za Rubaga na Makindye, mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices ulitumia mabango, maigizo na mazungumzo yaliyoongozwa na wakazi wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa kipigo kutoka kwa wenzi kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa isiyofikiwa. Kati ya wanaume wasio wa mitala, waliokuwa na mwenzi wa nje walikuwa asilimia 27, dhidi ya 45 kwingineko. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayounganisha kipigo na virusi: mazungumzo juu ya nani ana amri nyumbani yaligusa pia njia ambayo VVU hupitia.

Kisenyi ina vibanda, redio na kituo cha afya cha serikali ya jiji. Kinachokosekana mara nyingi ni tangazo linalotaja mambo ya kufanya. Mwanamke aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU, na akishaanza azimeze kwa siku 28. VJ anaweza kulisema hilo kwa nusu dakika kabla filamu haijaanza, mbele ya wanaume wote walioketi, na redio ikalirudia jioni hiyohiyo kwa wanawake walio kwenye sigiri.