Ziara ya Mizabibu: Kwanza Uliza Mwezi wa Mavuno



Vikundi kadhaa vya hapa Ruiri vimetuuliza juu ya ziara ya kwenda Dodoma, Tanzania, kuona kilimo cha zabibu. Wazo ni zuri. Dodoma ni nchi kavu, yenye msimu mmoja tu wa mvua, karibu Desemba hadi Aprili. Hata hivyo wakulima wadogo wa kule wanavuna zabibu. Sisi tunaokaa upande huu unaoteremka kwenda Isiolo tunajua ukavu ni kitu gani. Lakini kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi moja, tujibu swali hili: tutaenda mwezi gani?

Tunauliza kwa sababu tulishachomeka. Miaka kadhaa iliyopita tulisindikiza kikundi kimoja cha kina mama hadi kwenye mizabibu. Pesa ilikuwa ya kuuza mayai na maharagwe. Tulifika mwezi wa Juni. Tukakuta majani mengi na vichala vidogo, punje ngumu kama mbaazi mbichi. Kiwandani mapipa yamelala, hakuna anayekamua. Mama mmoja akatugeukia akauliza, "Ni hii tu?" Hatukuwa na jibu. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza.

Kwa nini mwezi ni muhimu hivyo

Ndizi unaweza kuikata mbichi ikaivia nyumbani. Zabibu si hivyo. Ikishakatwa haiongezi utamu tena. Basi mkulima hungoja iive mtini, hupima sukari yake kwa kifaa kidogo, kisha huvuna kwa haraka. Akichelewa, ndege, nyigu na kuoza vinamwahi. Ndiyo maana mavuno ya shamba moja hukaa siku chache tu, na ya eneo zima wiki chache.

Kule Ufaransa na Italia mzabibu hulala wakati wa baridi kali, halafu huvunwa mara moja kwa mwaka, hasa Septemba na Oktoba. Afrika Kusini, ambako majira ni kinyume, huvuna karibu Februari hadi Aprili. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna baridi ya kuulaza mti. Kalenda yetu ni makasi. Mkulima akipogoa matawi, mti huchipua upya, na baada ya miezi minne hivi zabibu zinaiva. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili: mara ya kwanza karibu Februari hadi Aprili, mara ya pili Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huangukia mvua, na mvua huleta ukungu na kupunguza utamu. Ya pili huwa wakati wa jua, na zabibu zake husifiwa zaidi kwa divai.

Tulinganishe na kalenda yetu

Februari na Machi sisi tunavuna mazao ya mvua za Oktoba, na papo hapo tunatayarisha shamba kwa mvua za Machi. Nani atatoka? Lakini mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba maharagwe yameshatolewa, na mvua za Oktoba, ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi, bado. Basi majira ya Dodoma na nafasi yetu yanakutana hapo.

Mkishachagua mwezi, pigieni wenyeji simu. Muulize mkulima au chama cha ushirika, "Mlipogoa lini?" Hesabuni miezi minne kutoka hapo. Pigeni tena mwezi mmoja kabla, na wiki moja kabla. Gari msilipie lote mpaka mpate jibu la mwisho.

Mambo ya kutazama

Wakati wa mavuno mwenyeji ana kazi nyingi. Msiende kukaa kivulini mkingoja soda. Ombeni kusaidia kukata vichala asubuhi, na maswali myaulize mkila.

Halafu simameni karibu na mizani. Hapo ndipo ukweli ulipo. Nani ananunua? Analipa siku hiyo au baada ya miezi? Zabibu isiyopata mnunuzi inaoza, na wakulima wa Dodoma wamelia mara nyingi kwa kukosa soko. Ndiyo sababu wengine hukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, ili wasilazimike kuuza kwa bei ya kutupa. Kuna wenzetu hapa ambao tayari wanataka kung'oa mahindi wapande mizabibu. Tunawaomba waone mizani kwanza, ndipo washike jembe.

Pia mpite Bihawana, nje kidogo ya mji. Wamisionari wa Kikatoliki wa huko wanatajwa kati ya waliotangulia kupanda mizabibu Dodoma, wakitafuta divai ya Misa.

Jambo moja hamtaliona vizuri wakati wa mavuno: kupogoa. Kikundi kinachotaka kujifunza makasi kitume watu wawili karibu Oktoba au Novemba, warudi wawafundishe wengine.

Safari na pesa

Kutoka Ruiri kupitia Nairobi, Namanga, Arusha, Babati na Kondoa ni zaidi ya kilomita 900 kwenda tu. Wekeni siku mbili za njiani kila upande. Ulizeni mapema karatasi za mpakani: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiweka shilingi 200 kwa wiki, kwa wiki 45 kitakuwa na shilingi 180,000. Mkianza Oktoba, mnamaliza katikati ya Agosti. Pesa hii iwe na daftari lake, isichanganywe na merigoraundi wala karo ya Januari. Kama haitoshi, pelekeni wajumbe wachache, au fikirieni Naivasha, ambako pia kuna mizabibu. Lakini ni shamba la watu, lazima mwombe ruhusa na muulize mwezi wao.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Tunaenda kujifunza nini hasa: kupogoa, kuvuna au soko?
2. Mwezi huo nani atabaki na watoto, mifugo na wagonjwa?
3. Wajumbe wakirudi, watatoa ripoti kwa nani, na lini?
4. Wakirudi na habari kwamba soko ni gumu, je, tutawasikiliza?

Swali la nne msiliruke. Yule mama wa mwezi wa Juni bado ni mwenyekiti wa kikundi chake, na siku hizi hakuna safari inayotoka kabla yeye mwenyewe hajapiga simu.