Kimandarini au Kikantoni? Kwanza jua mtoto atazungumza na nani

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, sebule nyingi hugeuka baraza. Binti anasema anataka kusoma isimu chuo kikuu, na pembeni ajifunze Kichina. Mama anauliza hiyo isimu ndiyo nini. Mjomba anayefuata mzigo Guangzhou anadakia: kama ni Kichina basi asome Kikantoni, ndicho cha kule kwenye mali. Baba, mlipa ada, yuko kimya anapiga hesabu.

Mjomba ana hoja. Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, na Kikantoni ndiyo lugha ya asili ya hapo, kama ilivyo Hong Kong na Macau. Lakini muuza mabegi wa sokoni huenda naye kaja kutafuta riziki kutoka jimbo jingine, na mteja mgeni atamsemesha Kimandarini. Shule na ofisi za serikali za China bara hutumia Kimandarini. HSK, mtihani ambao vyuo vya huko humtaka mgeni aufaulu kabla ya kusoma kwa Kichina, nao ni wa Kimandarini.

Wapo wanaosema hizo ni lahaja tu, mfano wa Kiunguja na Kimvita. Mfano huo haufai. Mtu wa Unguja na wa Mombasa wataelewana, watataniana kwa maneno mawili matatu, basi. Mtu wa Beijing ambaye hajajifunza Kikantoni akipanda basi Hong Kong hafuati mazungumzo ya abiria. Kinachowaunganisha ni maandishi, na maandishi rasmi hufuata sarufi ya Kimandarini, hata Hong Kong, ingawa kule bado wanatumia herufi za zamani na China bara wanatumia zilizorahisishwa.

Kisha kuna toni. Kimandarini kina nne: silabi "ma" ikibadilishwa sauti huwa mama, katani, farasi au kukaripia. Kikantoni kina sita. Hata kushukuru kuna mtego: Kimandarini wanatosheka na "xiexie", lakini Mkantoni ana asante ya kuhudumiwa na nyingine ya kupewa zawadi.

Mtoto aliyekulia kwenye Kihaya au Kichaga hatashangaa kusikia kwamba sauti ikipanda au kushuka hubadili maana, kwa kuwa lugha hizo zina toni. Kiswahili hakina, kwa hiyo mtoto wa mjini asiyejua lugha ya bibi yake anaanzia sifuri. (Bibi angefurahi kulisikia hilo.)

Kwa nini toni zipo Kihaya na hazipo Kiswahili? Maswali ya namna hiyo ndiyo kazi ya isimu, na hapa ndipo wazazi wengi huchanganya mambo. Shahada ya isimu haimfundishi mtu kuongea Kichina. Inamfundisha lugha inavyofanya kazi: sauti, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana, na jinsi jamii inavyoitumia. Mtu anaweza kuhitimu vizuri kabisa na asijue kuagiza chai Beijing. Kazi zake ni kufundisha, kutafsiri, kutunga kamusi, kutafiti lugha zetu, au kushirikiana na wanaotengeneza programu za kompyuta zinazotambua usemi. Tangazo la "anatakiwa mwanaisimu" ni nadra, tusidanganyane, ndiyo maana lugha ya pili si pambo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya lugha za kigeni na isimu, na kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kimandarini. Kwa binti huyu ningeanza hapo. Kikantoni kingefuata kama atapata nafasi Hong Kong, ambako Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong hukifundisha kwa wageni, au kama isimu itamkolea. Kikantoni kimehifadhi konsonanti za mwisho wa silabi, p, t na k, ambazo Kimandarini kilizipoteza, na kwa mtafiti hiyo ni mali kuliko ya sokoni.

Kabla baba hajalipa, aulize mambo mawili: Kichina kitafundishwa mihula mingapi, na je, alama zake zitaingia kwenye shahada au ni cheti cha pembeni chenye ada yake?