Mjusi Madoa na Sakafu Yake

Leo nimempa mjusi zamu ya kusimulia. Mimi mjomba wenu nitakaa pembeni, na pale atakapopitiliza nitamkatiza. Haya, Madoa, karibu.

"Asanteni. Hamjambo, watoto?"

Hatujambo! Lakini wewe ni mjusi gani? Mbona hufanani na yule wa ukutani kwetu?

"Umeangalia vizuri! Yule wa ukutani, mjusi kafiri, ni ndugu yangu wa mbali. Yeye ana vidole vya kunata. Anapanda ukuta, anatembea darini kichwa chini miguu juu. Mimi sinati. Nina kucha tu. Nikiwekwa kwenye sanduku la kioo, siwezi kupanda kioo hata shubiri moja. Yeye hana kope, hulala macho wazi. Mimi nina kope, nafumba macho kama ninyi. Yeye ni wa juu, mimi ni wa chini. Usiku nawinda chini, mchana nalala chini. Kwa hiyo ukitaka kunifurahisha, anza na chini."

Na huo mkia, mbona mnene hivyo?

"Humo nimeweka mafuta yangu. Siku isiyo na chakula, nakula kutoka mkiani."

Madoa ni mjusi-chui. Akiwa mdogo alikuwa na mistari mipana, madoa yalimjia alipokua. Mwingereza Edward Blyth, aliyekuwa akitunza makumbusho ya Kolkata, ndiye aliyemweleza kwanza katika maandishi ya sayansi, mwaka 1854. Kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Siku hizi anafugwa sana Ulaya na Marekani. Wajusi-chui wengi wa majumbani wameanguliwa kwa wafugaji, hawakukamatwa porini. Haya, endelea, Madoa.

Mimi najua! Kwenu ni jangwani. Basi tukuwekee mchanga mwingi!

"Ha! Kila mtu husema hivyo. Hata muuza duka husema hivyo, na ana mifuko ya mchanga ya kukuuzia, mwekundu, mweupe, mpaka wa buluu. Umewahi kuona nchi yenye mchanga wa buluu? Kwetu ni vilima vya mawe na nyasi kavu. Chini ni udongo mgumu, na mimi nakaa kwenye nyufa za mawe."

Mgumu kama nini?

"Unaujua ua wa bibi yako? Ule udongo uliokanyagwa miaka na miaka, ukafagiliwa kila asubuhi, mpaka ukashikana? Ukidondosha punje ya mchele pale, unaiokota yenyewe, safi. Ndiyo ardhi ya kwetu hiyo. Mchanga umo, lakini umeshikwa na udongo wa mfinyanzi, hauchomoki. Sasa chukua punje ile ile, kaidondoshe ufukweni. Ukiiokota unaokota na nini?"

Na mchanga!

"Na mchanga. Mimi sina vidole vya kuchambua. Nikimrukia panzi, nafumba mdomo kwa panzi na kwa chochote kilicho chini yake. Tena nina tabia moja. Ninachokikanyaga, ninakilamba."

Kwa nini unalamba? Si uchafu huo?

"Ulimi wangu unanusa. Nikilamba sakafu najua nani kapita, chakula kiko wapi. Na mwili wangu ukikosa madini, hasa kalisiamu, nalamba zaidi, naitafuta ardhini. Ninachokikanyaga, ninakilamba."

Mchanga ukiingia tumboni inakuwaje?

Umeuliza swali ambalo daktari wa mifugo angekupigia makofi. Ukiwa kidogo, na mjusi ni mzima, unatoka na choo. Ukiwa mwingi unakusanyika, unashikana, utumbo unaziba. Mjusi anakataa chakula. Tumbo linavimba. Siku zinapita bila choo. Anazubaa, pengine anaburuta miguu ya nyuma. Ukiona hivyo usimminye tumbo, usijaribu dawa za kubahatisha. Mwambie mzazi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wafugaji wengi hubishania. Wako wanaoapa kwamba chembe moja tu ya mchanga itamuua mjusi. Wako wanaojibu kwamba kwao porini anakanyaga udongo kila siku na haumdhuru. Mimi nawasikia wote, ila nakaa karibu zaidi na hawa wa pili, kwa sharti moja. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Tumbo lake linafanya kazi kwa joto la mahali alipo. Sakafu ikiwa baridi, hata chakula kizuri kinamlalia tumboni. Upande mmoja wa sanduku, sakafu yenyewe iwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili uwe na ubaridi kiasi, nyuzi 24 hadi 26 hivi, ahamehame apendavyo. Awe na maji safi. Awe na kisosi cha unga wa kalisiamu. Ukimnyima hayo, akaanza kulamba sakafu kwa njaa ya madini, hapo ndipo mchanga unapomwangamiza.

Basi utandikiwe nini, Madoa?

"Inategemea mimi ni nani leo. Nikiwa mtoto, au mgonjwa, au nimefika kwenu jana tu, nitandikie karatasi. Zile za jikoni za kufutia mikono, nyeupe, zisizo na manukato. Hata gazeti linafaa."

Karatasi! Mbona haipendezi?

"Haipendezi, lakini inasema kweli. Mimi nina adabu, choo changu nakiweka kona moja. Juu ya karatasi nyeupe unakiona vizuri: sehemu nyeusi, sehemu nyeupe. Kikibadilika, au kikikosekana, unajua mapema. Ukimaliza unakunja, unatupa, unatandika nyingine. Kisha unanawa mikono kwa sabuni!"

Kweli. Wanyama wa jamii hii hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua wenyewe. Kunawa ni lazima, kila mara, wewe na mdogo wako.

"Nikishakua, nikawa mzima, niwekee vigae. Vile vya sakafuni, ila visiwe vya kuteleza. Nataka vyenye mkwaruzo kidogo ili kucha zangu zishike. Kigae kinapitisha joto vizuri, nalaza tumbo juu yake chakula kikasagika. Ninachokikanyaga, ninakilamba, na kigae ukikilamba hakiachii kitu. Ila vikatwe vilingane na sanduku, visiache nyufa. Chenene akijificha kwenye ufa, atatoka usiku kuniuma mimi niliyepaswa kumla."

Watoto wanacheka, lakini ni kweli. Chenene mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala. Waliobaki baada ya mlo watolewe.

Na ule udongo wa kwenu? Hatuwezi kukutengenezea?

"Nilikuwa nangoja uulize hilo!"

Tunaweza, mwanangu, kwa subira na kwa msaada wa mtu mzima. Chukueni udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa ya wadudu, sehemu 7, na mchanga safi uliooshwa, sehemu 3. Changanyeni na maji mpaka ushikane ukiufinyanga. Jazeni sanduku kimo cha sentimita 10 hivi, shindilieni kwa viganja, zikeni miguu ya mawe makubwa ndani yake yasije yakamwangukia akichimba. Acheni ukauke kabisa. Siku kadhaa zitapita, msimwingize kabla. Ukishakauka, pitisha kiganja juu. Kiganja kikitoka na chembe nyingi, lowesha kidogo, shindilia tena, ngoja tena. Kazi hii ina uchafu na furaha, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mjusi anapata kuchimba. Kwenye karatasi hachimbi. Lakini nasema tena, ni kwa mjusi mzima, mkubwa, mwenye joto la kutosha.

"Na mlo wangu nipewe kwenye bakuli, au kwa kibano mkononi mwako. Nikimfukuza panzi kwenye udongo nameza na udongo."

Mambo mengine nayapita haraka, maana hayana ubishi. Mchanga wa kalisiamu unaouzwa kwa maneno kwamba unayeyuka tumboni: acha. Ukilowa unagandana, na kwa kuwa una kalisiamu unamwita mjusi aulambe. Maganda ya jozi yaliyosagwa yana ncha kali: acha. Kokoto ndogo zinazoingia mdomoni: acha. Maranda ya mwerezi na msonobari yana harufu kali inayodhuru mapafu: acha, hata kama kuku wa jirani wanalalia maranda. Na zulia? Kucha zinanasa kwenye nyuzi zake, na uchafu unajificha humo. Silipendi.

Na ukitaka kujivua ngozi, sakafu ngumu si itakukwaruza?

"Mtoto huyu ana akili! Siku za kujivua ngozi nataka unyevu. Nifanyie pango dogo, hata kopo la plastiki lenye mlango wa kuingilia, utandike ndani karatasi iliyoloweshwa. Nitaingia, ngozi italainika, nitaivua, kisha nitaila."

Utaila?!

"Yote. Chakula hakitupwi. Ila uniangalie vidole. Kipande cha ngozi kikibaki kwenye kidole kinabana, damu haipiti, na kidole kinakatika."

Haya, Madoa, pumzika, umesema vya kutosha. Ninyi watoto nawaombeni jambo moja. Mjusi-chui akitunzwa vizuri huishi miaka 15, wengine 20. Utakuwa mtu mzima naye bado yupo. Kwa hiyo mkiwaomba wazazi wamnunue, msianze na mjusi. Vianze kuja nyumbani kipimajoto, sanduku na karatasi za jikoni, mpime joto la sakafu siku mbili tatu, likishatulia ndipo yeye aletwe.