Mng'aro wa Gari Bara: Kulitengeneza Bila Kuidhuru Nyumba

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuilaumu chumvi ya bahari kwa kila gari linaloharibika bodi. Hivyo jamaa zetu wanaohamia Kitale au Bungoma hustaajabu miaka michache baadaye, waonapo boneti na paa vimepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Bara nako kuna maadui wake.

Juu ya rangi ya gari hupakwa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwa. Ndilo linaloipa rangi mng'aro na kuikinga na jua. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na miale mikali ya jua huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Hali ya hewa ni ya baridi, lakini jua halina huruma. Kule Bungoma, majivu ya miwa inayochomwa mashambani hutua juu ya magari, na vumbi jekundu hukwaruza likifutwa kavukavu. Wakazi wa Webuye walilalamika miaka mingi kwamba moshi wa kiwanda cha karatasi, kilichofungwa mwaka 2009, uliwaozeshea mabati ya nyumba. Kinachokula bati hakiwezi kuisaza klia.

Kinyesi cha ndege nacho kina asidi. Jua huilainisha klia, asidi ikapenya, na jioni klia ikikaza huacha kovu. Kiondoeni siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, bila kusugua.

Matengenezo na yaanze kwa lililo jepesi. Oshweni gari kivulini kwa maji mengi na sabuni ya magari. Sabuni ya unga ya nguo huondoa nta. Madoa ya maji ya kisima hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha husuuzwa mara moja. Kovu likibaki, jaribuni polishi laini kwenye sehemu ndogo kwanza. Msasa wa maji namba 2000 au 3000 aachiwe fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, kwani klia ikishaliwa hairudi.

Klia iliyobambuka na kuacha mabaka meupe haiponi kwa polishi. Ni lazima ipigwe msasa na kupuliziwa upya. Hapa ndipo tunapowasihi wazazi: kazi hiyo isifanyiwe uani. Klia ya kuchanganya na kigumishi hubeba kemikali ziitwazo aisosianeti, zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Mpuliziaji huhitaji kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje. Watoto, wajawazito na wenye pumu wakae mbali kabisa. Glavu nazo ni muhimu, kwa ngozi na kwa ibada pia, maana rangi iliyoganda mkononi huzuia maji ya udhu.

Neno kwa wauzaji na wanunuzi. Wako wanaofunika klia iliyochoka kwa mafuta yang'aayo, nalo gari likang'ara wiki mbili tu. Kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa ni ghushi, na baraka ya biashara huondoka nayo. Mnunuzi naye alitazame gari juani, likiwa limeoshwa na kukauka, hasa paa na boneti.

Kinga ni nafuu kuliko tiba: kivuli cha banda badala ya mti wenye utomvu na ndege, kuoshwa kila wiki wakati wa vumbi, na nta kila baada ya miezi mitatu. Kopo la nta halitikisi bajeti ya nyumba. Kupuliziwa bodi upya kunaweza kula karo ya muhula mzima.