Ziba ufa, maporomoko ya uani yapendeze

Kuna familia nyingi za mjini ambazo zimejichimbia kidimbwi nyuma ya nyumba, zikapanga mawe kando yake na kutia pampu ya kupandisha maji ili yateremke kama maporomoko. Miezi ya kwanza pambo hilo huwafurahisha watoto na wageni. Baadaye karatasi ya plastiki huanza kuchungulia kati ya mawe, maji yanayoteremka hubaki uzi mwembamba, na kila asubuhi lazima mtu abebe ndoo akajazie kidimbwi.

Aghalabu mwenye nyumba hukata shauri kununua pampu kubwa zaidi. Mara nyingi hiyo ni gharama isiyo ya lazima. Maji yapo, ila yanapita chini na nyuma ya mawe badala ya kupita juu yake. Kinachoharibu sura ya maporomoko ndicho kinachopoteza maji, na hasara hiyo si haba katika jiji kama Nairobi ambako mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Isitoshe, maji yakipungua hadi pampu ibaki kavu, huungua.

TAFUTA YANAKOPOTELEA

Jaza kidimbwi, kisha zima pampu jioni. Maji ya juu yakishamaliza kuteremka, tia alama ya makaa kwenye jiwe mahali maji yanapofika. Asubuhi angalia tena. Usiku wa pili washa pampu, ngoja dakika kumi, utie alama nyingine na kuiacha ikifanya kazi hadi kupambazuke.

Iwapo maji yameshuka usiku wa pili pekee, kidimbwi ni kizima. Maporomoko ndiyo yanayovuja. Iwapo yameshuka siku zote mbili, huenda plastiki ya kidimbwi imetoboka. Kupungua kwa milimita chache kusikutie wasiwasi, kwani jua na upepo pia huchukua sehemu yao.

JIWE LA MDOMO

Ondoa mawe ya juu. Inua kingo za plastiki pande zote mbili ziwe juu kuliko njia ya maji. Halafu tandika saruji na mchanga chini ya jiwe la kumwagia na ujaze kila mwanya. Saruji mbichi hudhuru samaki, kwa hivyo iache ikauke vyema, uisugue na kuisuuza, na maji hayo ya kusuuzia yasiingie penye samaki.

Kwa jiwe la mdomo, tafuta lililo bapa, mathalan yale ya Mazeras kutoka Pwani ambayo hutumiwa sana kutandika vijia. Litokeze mbele kiasi cha sentimita 5. Ukingo wake uwe mkali, kwa sababu ukingo wa mviringo huyafanya maji yang'ang'anie jiwe na kurudi nyuma. Tumia pimamaji ya fundi kuhakikisha halijainamia upande mmoja.

Upana nao una hesabu yake. Kila sentimita 1 ya mdomo huhitaji takriban lita 150 kwa saa ili maji yateremke kama pazia. Mdomo wa sentimita 20 basi wataka pampu ya lita 3,000 kwa saa. Ikiwa yako ni ndogo, punguza mdomo kwa kuweka jiwe kila upande. Hilo halitakugharimu hata senti.

IGA MITO YETU

Waliozuru Thomson's Falls huko Nyahururu, ambako mto Ewaso Narok huanguka zaidi ya mita 70, wanajua kuwa maji hayachomozi kileleni mwa rundo la mawe. Hutokea nyuma, yakapenya kati ya miamba. Nawe ficha mpira wa pampu nyuma ya mawe mawili makubwa, na uyazike mawe kiasi ili yaonekane kama yaliyozaliwa hapo. Changanya makubwa na madogo. Fourteen Falls karibu na Thika hutufunza jambo jingine: si lazima maji yaanguke kutoka juu sana ili yapendeze. Ngazi mbili au tatu fupi zatosha.

Panda kangaga penye kivuli na mafunjo kando ya maji. Magugumaji usiyalete kamwe, hata kama maua yake yanavutia. Ndiyo yaliyolihangaisha Ziwa Victoria katika miaka ya 1990.

WATOTO NA MBU

Mtoto anayetambaa anaweza kufa maji katika kina cha sentimita chache tu, hivyo zungushia ua au funika kidimbwi kwa wavu imara wa chuma. Nyaya za pampu zishughulikiwe na fundi wa stima aliyehitimu. Mbu nao hutaga katika maji yaliyotuama; usizime pampu kwa wiki nzima, na samaki wadogo watakusaidia kula viluwiluwi vyao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kwenda dukani kutafuta pampu mpya, chukua mwiko na saruji kidogo, ujaze mianya iliyo chini ya mawe yako. Huenda maporomoko unayoyatamani yamejificha humo.