Joker ya Pili: Wimbo Usiobeba Kisa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi, lakini mimi niliielewa barabara likizo iliyopita, nilipoitazama filamu iitwayo Joker: Folie à Deux. Maneno hayo ya Kifaransa yana maana ya wazimu wa watu wawili. Kaka yangu, tuliyekuwa tukitazama naye, alisinzia kabla haijafika nusu!

Kwanza turudi nyuma kidogo. Joker ya kwanza ilitoka mwaka wa 2019, mwelekezi wake akiwa Todd Phillips. Yahusu Arthur Fleck, maskini anayejipaka rangi usoni na kuchekesha watu katika mji wa kubuni uitwao Gotham. Arthur ana maradhi ya kucheka ovyo hata akiwa na huzuni. Anamtunza mamaye, anapigwa mitaani, na serikali ya mji inapopunguza fedha, anakosa hata dawa zake. Mwishowe anageuka muuaji. Ni kisa cha giza tupu, tena ni cha watu wazima. Huko Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mkubwa wake.

Hata hivyo kilipendwa ajabu. Kilinyakua tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice, kikateuliwa mara 11 katika tuzo za Oscar na kushinda 2: moja ya mwigizaji Joaquin Phoenix na nyingine ya mtunzi wa muziki Hildur Guðnadóttir kutoka Iceland. Kiliingiza zaidi ya dola bilioni 1.

Basi mwaka wa 2024 ikaja ya pili. Bajeti ilipanda hadi karibu dola milioni 200, na mwanamuziki mashuhuri Lady Gaga akaongezwa. Safari hii Arthur yumo kifungoni Arkham akingoja kesi ya mauaji. Humo anakutana na Lee, wanapendana, na wote wawili wanaanza kuimba. Wanaimba gerezani, wanaimba mahakamani, wanaimba hata ndotoni. Matokeo? Watazamaji waliohojiwa wakitoka sinema huko Marekani waliipa alama ya D. (Wenzangu wa Kidato cha Nne, mnajua uchungu wa alama hiyo!) Wiki ya pili mapato yake ya huko yakashuka kwa asilimia 81 hivi.

Wengi husema, "Kosa ni nyimbo." Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mbona filamu ya kwanza nayo ilijaa muziki? Mnakumbuka pale Arthur anapocheza peke yake msalani baada ya kuua mara ya kwanza? Hasemi neno. Muziki mzito wa Guðnadóttir unalia, mwili wake unajinyoosha polepole, nasi tunaona kwa macho yetu mtu mwingine akizaliwa ndani yake. Muziki ule ulifanya kazi.

Hebu tazameni ngano zetu tulizosimuliwa na nyanya. Msichana aliyemezwa na zimwi huimba akiwa tumboni, na ndugu zake wakisikia sauti wanajua aliko. Ukiuondoa wimbo, ngano imekwama. Hiyo ndiyo siri ya wimbo ndani ya hadithi: ukianza mambo yako hivi, ukiisha mambo yawe vile.

Sasa katika Joker ya pili, nyingi ni nyimbo za zamani za Kimarekani, na nyingi huimbwa katika mawazo ya Arthur tu. Anaimba kwamba anapenda, ilhali tulishajua anapenda. Wimbo ukikoma, kesi iko pale pale na pingu ziko pale pale. Isitoshe, Gaga mwenye sauti ya kutikisa ukumbi mara nyingi anaimba kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kuamsha jirani. Hapo ndipo kaka alipoanza kukoroma.

Lakini tusiwe wadhalimu. Dhamira ya filamu hii si mbaya. Mwishoni Arthur anakiri mbele ya mahakama kwamba hakuna Joker, ni yeye tu, mwuaji. Lee, aliyempenda yule Joker wala si Arthur, anamwacha. Naona mwelekezi alikuwa akiwaambia watazamaji: na nyinyi mlimshangilia muuaji! Ukweli mchungu huo. Ila aliufikisha kupitia nyimbo zisizosogeza kisa, na mtu aliyekwisha kuchoka hasikii nasaha.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu mchezo wetu wa mwaka jana, ule wa baba mlevi, uliwatoa watu machozi. Sasa baadhi yetu katika chama wanataka tuandike sehemu ya pili "yenye nyimbo nyingi, ichangamke." Kwenye mkutano nilinyamaza, sikutaka kuitwa mpinga maendeleo. Leo nasema wazi: sipingi nyimbo. Napinga nyimbo za kujazia. Kabla hatujapiga kura, tuusome mswada na kwa kila wimbo tujiulize: je, tukiufuta, yule baba atakuwa amebadilika vile vile? Ikiwa jibu ni ndiyo, tuufute. Na ikiwa kisa cha yule baba kilikwisha mwaka jana, tuwe na ujasiri wa kumwacha apumzike na kutunga kingine kipya.

Walimu wetu nao watusaidie kukata shauri. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.