Wametoka Rutshuru, wameingia mbugani kwa mara ya kwanza huko Marekani

Mama huyu wa Rutshuru amelala ndani ya gari mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2008, katika lori lililowatoa mpakani Bunagana na kuwapeleka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Mara ya pili ilikuwa Julai iliyopita, katika jimbo la Idaho, Marekani, ndani ya gari lenye vitanda, jiko, friji na choo. Usiku ule wa kwanza hakupata usingizi.

“Mlango wa gari ukifungwa usiku, roho yangu inaruka,” alituambia kwa simu kutoka Boise, mji ambako familia yake inaishi tangu 2016. “Watoto walikuwa wananicheka. Wao hawajui.”

Familia imeomba majina yake yasiandikwe, kwa sababu ina ndugu waliobaki Rutshuru.

Gari hilo Wamarekani wanaliita RV. Wanaojua Kifaransa wamezoea kusema camping-car. Ni nyumba juu ya magurudumu: unaegesha, unapika, unalala, asubuhi unaendelea. Kulikodi si kazi ya makuta kidogo, na baba, anayefanya kazi ya usiku kiwandani, alichanga pesa na shemeji yake kwa miezi minane. Watu saba waliingia ndani: wazazi, watoto watatu, shemeji na bibi yake. Pamoja na gunia la unga wa fufu na sambaza kavu kutoka duka la Waafrika pale Boise.

Sambaza ndiyo iliyoleta fujo ya kwanza. Mama alipoanza kuikaanga, kengele ya moshi ililia hadi majirani wazungu wakatoka nje. Toka siku hiyo walipikia nje. Fujo ya pili ilikuwa choo: maji machafu yanajikusanya katika tangi chini ya gari, na lazima mtu ayamwage kwa bomba mahali palipotengwa. Baba alikataa. Shemeji alikataa. Kijana wa miaka 19, yule aliyebebwa mgongoni, ndiye aliyevaa glavu.

Walishuka kwanza Twin Falls, mji mwingine uliopokea wakimbizi Wakongo, kutazama maporomoko ya Shoshone. Yana urefu wa mita 65, kupita Niagara, lakini wakati wa kiangazi maji mengi ya mto huchukuliwa kumwagilia mashamba, kwa hiyo waliona jabali zaidi ya maji. Hawakukaa.

Kituo cha pili ndicho kilichomsimamisha baba. Kinaitwa Craters of the Moon, uwanja mkubwa wa mawe meusi ya volkano. Lava ya mwisho ilitoka hapo miaka kama 2,000 iliyopita, na mwaka 1969 wanaanga wa Apollo walipelekwa kujifunza mawe yake.

“Niliposhuka nikasema, hapa ni Goma,” anakumbuka. Januari 2002, Nyiragongo ilipomwaga lava mjini, yeye alikuwa kwa shangazi yake. “Tulirudi kuangalia nyumba, mawe yangali moto chini ya viatu.” Binti yake wa miaka 14, aliyezaliwa Nakivale, aliokota jiwe dogo. Baba akamwonyesha kibao: ni marufuku kuchukua jiwe. Goma watu wanajengea nyua kwa mawe kama hayo.

Kisha wakafika Yellowstone, waliyoifuata tangu mwanzo. Kuingia na gari binafsi kulikuwa dola 35, na tiketi ilitumika siku saba. Waliketi kwenye mabenchi na mamia ya watu kungoja Old Faithful, chemchemi inayorusha maji ya moto juu, mara nyingine kupita mita 50. Hurusha kila baada ya dakika 90 hivi, na saa inayotazamiwa hutangazwa. Volkano yenye ratiba, shemeji akasema, kwetu ingeokoa watu wengi.

Barabarani waliziba njia bison, ndugu wa mbogo, na magari yote yakasimama. Sheria ni kukaa mbali nao mita 23 au zaidi. Mama alifunga madirisha yote.

Hapo ndipo aliposema jambo ambalo mumewe amelirudia mara mbili katika mazungumzo yetu: “Nimezaliwa kando ya Virunga, na sijawahi kuingia mbugani kama mgeni.” Kwa wakaaji wengi wa Rutshuru, mbuga ni mahali ambapo ukikamatwa na gunia la makala au kuni unafungwa. Kuona sokwe kulikuwa kunagharimu dola 400 kwa mtu. Leo, kwa sababu ya vita, hata mwenye dola hizo hapandi Nyiragongo. Na walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wamekwisha uawa katika kazi hiyo.

Mbuga hizi mbili zina uhusiano kuliko wengi wanavyojua. Yellowstone iliundwa mwaka 1872, ya kwanza ya aina yake duniani. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea mbuga za Marekani, na mwaka 1925 ikaundwa kwetu ile iliyobeba jina lake, Virunga ya leo, ya kwanza Afrika. Mtindo ulikuja pamoja na desturi zake. Huko Yellowstone pia kulikuwa na wenyeji, wakiwemo Washoshone, walioondolewa ili watalii wapate nafasi.

Usiku wa nne, mama anasema, alilala mpaka jua likatoka. Baridi ilikuwa kali, kwani pale ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na watoto wote walikuwa wamejibana kitandani kwake.

Foto za mawe meusi zilitumwa kwa shangazi, ambaye bado yuko Goma. Jibu lilikuja kwa sauti, katika WhatsApp: “Mawe haya haya? Na mulilipa ngapi?”